Kibaraza ni cha Nani?

Jumapili ya leo naomba nikuulize swali dogo kabla hujafungua kurasa nyingine. Mara ya mwisho uliponunua ndala za mtoto, beseni la kufulia au sufuria ya kusongea ugali, ulinunua wapi? Uliingia ndani ya duka ukapewa risiti, au uliinama kando ya barabara, ukachagua juu ya turubai, ukapunguziwa shilingi mia mbili, ukaenda zako? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, kisha lihifadhi jibu hilo mpaka mwisho wa mazungumzo yetu, kwa maana tutalihitaji.

Nataka tuzungumze juu ya mji wa Tunduma. Wasomaji wengi wanaujua kwa jina tu, kama mahali barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam inapoishia na nchi ya Zambia inapoanzia. Lakini Tunduma ni zaidi ya lango. Hapo ndipo reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa nchi mbili mwaka 1976, inapovuka mpaka. Hapo ndipo barabara ya kwenda Sumbawanga na Mpanda inapochepuka. Tangu mwaka 2016 mji huo umo katika Mkoa wa Songwe, ambao makao yake makuu ni Vwawa, na mazao ya mkoa huo, kahawa ya Mbozi, mahindi, maharage na mpunga wa Momba, aghalabu hukutana hapo na bidhaa zinazotoka viwandani. Ng'ambo ya pili, hatua chache tu, ni Nakonde ya Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Bibi anaweza kuwa huku na wajukuu wakawa kule.

Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu wasiofika 100,000 katika mji huo. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya 200,000. Mji umekuwa mara mbili katika miaka kumi, lakini barabara yake kuu haikupanuka mara mbili, wala masoko yake. Si ajabu basi kwamba watu waliozidi wamejipanga mahali pekee palipobaki, yaani kando ya barabara na mbele ya milango ya maduka.

Hapo ndipo ugomvi wetu wa leo unapoanzia.

Tuchukue mfano wa baba mmoja mwenye duka la vyombo. Simtaji jina kwa sababu yuko kila mji. Amepanga fremu moja, na mwenye nyumba hutaka pango la miezi sita, pengine la mwaka mzima, kabla hata ya mlango kufunguliwa. Ana leseni ya biashara ukutani. Anakadiriwa kodi ya mapato na kuilipa kwa awamu nne. Analipa ushuru wa huduma, ada ya taka, umeme, na mlinzi wa usiku. Asubuhi anafungua milango, anafagia kibaraza, anapanga masufuria yake kwa ukubwa, kisha anaketi kumngojea mnunuzi.

Kabla mnunuzi hajafika, anafika mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Anatandika turubai hatua mbili kutoka mlangoni. Anapanga juu yake masufuria, mabeseni na ndala. Ni bidhaa zile zile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Leo tena umenizibia mlango?"

"Nisamehe, baba. Lakini nisogee wapi? Nikienda kule nyuma walikotuelekeza, hakuna apitaye. Siku nzima naweza kuuza beseni moja, na mtoto huyu hali beseni."

Baba yule ananyamaza. Anajua jambo ambalo wapita njia hawalijui. Masufuria yaliyo juu ya turubai yametoka katika duka lake mwenyewe. Mama yule huyachukua asubuhi kwa mali kauli, na jioni hurudisha fedha pamoja na yaliyobaki. Wakati mwingine yeye ndiye mnunuzi wake mkubwa kuliko wote. Basi amfukuze, apoteze mauzo ya jumla? Au amwache, apoteze mauzo ya rejareja?

Ndugu msomaji, mfano huu ndio kiini cha jambo lote. Tumezoea kuzungumza juu ya wenye maduka na wamachinga kana kwamba ni makabila mawili yenye vita. Kumbe mara nyingi ni mnyororo mmoja. Bidhaa hutoka kwa mwagizaji, ikaja kwa muuzaji wa jumla, ikaingia dukani, ikatoka dukani ikaenda barabarani. Kwa hiyo tukimsukuma mmoja kwa nguvu, mwingine naye huyumba.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba mwenye duka hana malalamiko. Anayo, na ni ya kweli. Mnunuzi asiyeuona mlango hawezi kuuingia. Bidhaa zisizolipiwa pango wala umeme zaweza kuuzwa kwa bei ambayo yeye hawezi kuifikia bila hasara. Na mashine yake ya risiti huandika kila anachouza, ilhali cha nje hakiandikwi popote.

Mwezi Desemba 2018, Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo. Kila kitambulisho kililipiwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na kilikusudiwa kwa mtu ambaye mauzo yake hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka. Ulikuwa uamuzi wenye huruma ndani yake, kwa maana kabla ya hapo mama wa turubai alikimbizwa na mgambo asubuhi na kutozwa ushuru mchana. Lakini chukua kalamu tufanye hesabu. Shilingi milioni 4 ukizigawa kwa siku 365 unapata kama shilingi 10,960 kwa siku. Hayo ni mauzo, si faida. Ni wangapi kati ya wauzao viatu, simu na vitenge kando ya barabara wanaouza chini ya kiasi hicho kwa siku? Na shilingi 20,000 ukizigawa vivyo hivyo, hazifiki shilingi 55 kwa siku. Basi mwenye duka dogo, ambaye pengine faida yake haimshindi mwenye turubai kubwa, aliona kwamba mwenzake analipa hamsini na tano kwa siku ilhali yeye analipa maelfu. Mtu akiona hivyo, hapana shaka moyo wake utaanza kufikiri hila.

Na hila zilikuja. Wako wenye maduka waliotoa bidhaa zao nje, wakawapa vijana wauze juu ya meza bila risiti, duka likabaki kama stoo. Katika hali hiyo mmachinga si mshindani tena, ni mkono wa pili wa mwenye duka. Hazina ya taifa hupoteza, kijana hubaki kibarua asiye na mtaji wake, na yule jirani mwaminifu anayeuzia ndani ya duka lake ndiye anayepigwa na pande zote mbili. Tusilifiche jambo hili tunapogawa lawama.

Sasa tumtazame mama wa turubai. Ni nani huyu? Baadhi yetu hudhani ni mtu mvivu aliyekimbia jembe. Ungefika Tunduma alfajiri ungeuona uvivu huo. Utamkuta amekwisha kubeba mzigo wake kichwani, amekwisha kumwacha mtoto mkubwa akiwapikia uji wadogo zake, na yuko barabarani kabla jua halijachomoza, kwa sababu madereva wa malori wameamka na wanataka chai. Malori yale hubeba shaba kutoka Kongo na Zambia kwenda bandarini, na kurudi na mafuta, mbolea na bidhaa za madukani. Foleni yake inapokuwa ndefu kuelekea Mpemba, mama lishe, muuza maji, muuza mahindi ya kuchoma na muuza vocha wote hupata riziki. Foleni inapotoweka, riziki nayo hupungua. Mwezi Oktoba 2019 Marais Magufuli na Edgar Lungu wa Zambia walipozindua kituo cha pamoja cha forodha ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mbili, lilikuwa jambo jema kwa uchumi wa nchi zote mbili. Lakini lori lisilosubiri halinunui wali. Na Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, mji mzima ulikumbushwa jinsi riziki yake inavyoning'inia juu ya kizuizi kimoja cha barabara.

Mtu wa namna hiyo hana akiba ya kungojea. Mwenye duka akikosa mauzo wiki moja, ana bidhaa zake rafuni. Mama wa turubai akikosa mauzo siku mbili, amekula mtaji.

Wala hatari anayoishi nayo si ndogo. Barabara ile ni ya magari mazito. Sisi wa nyanda hizi tunajua habari za miteremko ya Mbalizi na Senjele, na malori yaliyokatika breki. Meza iliyo mita moja kutoka kwenye lami si mahali pa kumlaza mtoto mchanga. Kwa hiyo yeyote anayesema wauzaji waachwe walipo kwa sababu ni maskini, yapasa ajiulize kama umaskini ni sababu ya kumweka mtu mbele ya lori.

Kabla hatujafika kwenye dawa, turudi nyuma kidogo, maana wazee wetu wana jambo la kutufundisha. Wapo wasomaji wanaokumbuka mwaka 1976, wakati wa Operesheni Maduka, kampeni iliyokusudia kufunga maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka mahali pake maduka ya vijiji na ya ushirika. Wapo wanaokumbuka mwaka 1983, ulipoanza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya nguvukazi, ambayo kwayo watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi mijini walikamatwa na kurudishwa mashambani. Siku hizo mwenye duka ndiye aliyeficha sabuni chini ya kitanda na kushtuka mlango ulipogongwa. Baadaye, kuanzia mwaka 1984, milango ya biashara ikafunguliwa, na katika miaka ya utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi biashara ndogo zikaenea kila mtaa.

Nasema haya kwa sababu moja. Wengi wa wenye maduka wa leo, au wazazi wao, walianza na meza. Walikimbizwa, wakarudi, wakapata mtaji kidogo kidogo, wakapanga fremu. Mwenye duka akimtazama mmachinga, anatazama ujana wake mwenyewe. Na mmachinga akimtazama mwenye duka, anapaswa kuona mahali anapotaka kufika, wala si adui wa kuzibiwa njia. Siku atakapopanga fremu yake, naye atataka mlango wake uonekane.

Tumejaribu njia mbili, ndugu msomaji, na zote mbili zimetuonyesha mipaka yake. Njia ya kwanza ni kuacha. Baada ya vitambulisho vya mwaka 2018, wauzaji walijaa kila mahali, mpaka waendao kwa miguu wakashuka barabarani kushindana na magari. Njia ya pili ni kuondoa. Septemba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaagiza wakuu wa mikoa wawapange upya wafanyabiashara wadogo, na akasisitiza kwamba lifanyike bila vurugu. Oktoba mwaka huo vibanda viliondolewa katika barabara za Dar es Salaam na miji mingine. Barabara zikaonekana, wenye maduka wakashukuru, na wapita njia wakapumua. Lakini wengi wa walioondolewa walilalamika kwamba kule walikopelekwa hakuna wanunuzi, na baada ya muda turubai zikaanza kurudi, kwanza jioni, kisha mchana.

Kwa nini zilirudi? Dar es Salaam ilikwisha kupata jibu miaka kumi kabla. Jengo la Machinga pale Karume, Ilala, lilipokamilika yapata mwaka 2010, lilikuwa jengo imara la ghorofa. Vizimba vyake vingi vilikaa bila wapangaji kwa miaka, kwa sababu mnunuzi wa ndala hapandi ngazi kuzifuata. Anazinunua anapopita. Jirani zetu wa Zambia nao walipata somo hilo hilo. Mwanzoni mwa mwaka 2018, kipindupindu kilipoenea Lusaka, askari waliwaondoa wauzaji katika barabara za mji. Ugonjwa ulipopungua, wauzaji walianza kurejea. Nguvu huweza kumwondoa mtu mahali, lakini haiwezi kumwondolea njaa iliyomleta.

Sasa kwa mji wa mpaka kama Tunduma kuna jambo jingine la kuzingatia. Mji wa ndani ya nchi ukikosea mpango wake, mnunuzi hana pa kwenda. Tunduma ikikosea, mnunuzi anavuka. Nakonde iko pale pale. Mnunuzi akisumbuka huku, atachukua vitenge vyake, mafuta yake ya kupikia na unga wake kule, na hapo mwenye duka na mmachinga wa Tunduma watakuwa wamepoteza kwa pamoja. Wanaogombea kibaraza na waangalie mnunuzi asije akaondoka wakati wao wanagombana.

Basi kibaraza ni cha nani? Mwenye duka husema ni chake kwa sababu ndiye anayelipa pango. Mama wa turubai husema ni chake kwa sababu ndiye aliyewahi. Sheria inatoa jibu lake. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS, wala si chini ya halmashauri ya mji. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mahali panapogombewa kando ya barabara kuu si mali ya mmoja wala mwingine. Na mwenye duka aliyetoa magunia na majokofu yake nje mpaka ukingoni mwa mtaro, naye yumo katika hifadhi kama mama wa turubai. Ukiniuliza mimi, nitasema kibaraza ni cha mpita njia. Ni cha mtoto aendaye shule, ni cha mzee mwenye mkongojo, ni cha mgonjwa anayesukumwa kwa kiti cha magurudumu. Tukianzia hapo, pande zote mbili zitalazimika kurudi nyuma hatua moja, na hakuna atakayesema ameonewa peke yake.

Kutokana na hayo, naona mambo manne yanayofaa kufikiriwa na wahusika, na sisi wananchi tukiyasaidia.

La kwanza, kuhesabu kabla ya kuhamisha. Mtu asihamishwe kabla hajajulikana yeye ni nani, anauza nini, na mnunuzi wake ni yupi. Muuza ndizi kwa madereva hawezi kupelekwa mahali pamoja na muuza nguo za watoto. Nchi ya India ilitunga sheria ya wauzaji wa barabarani mwaka 2014. Inataka kila mji uwe na kamati ambayo si chini ya asilimia 40 ya wajumbe wake ni wauzaji wenyewe, na mtu asihamishwe bila taarifa ya siku 30. Hatuna haja ya kuiga kila neno. Lakini kamati ya namna hiyo, yenye wenye maduka, wauzaji, halmashauri, wasimamizi wa barabara na polisi wakiketi meza moja, ingezuia fujo nyingi.

La pili, mahali pafuate miguu ya watu. Soko jipya lijengwe panaposhukia abiria, panapoegeshwa malori, panapopita wanafunzi na wafanyakazi. Na pale ambapo nafasi haipo, wakati ugawanywe. Mtaa wa maduka unaofungwa jioni waweza kuwa soko la usiku la wauzaji wadogo, wenye taa na ulinzi, na alfajiri ukafagiwa. Mlango mmoja huhudumia watu wawili kwa nyakati mbili.

La tatu, mizigo ilingane na mabega. Kati ya shilingi 20,000 za kitambulisho na gharama zote za fremu pana korongo refu, na hakuna atakayeliruka kwa hiari yake. Panahitajika ngazi. Anayeanza alipe kidogo, anayekua alipe zaidi kidogo, na mwenye duka dogo apunguziwe wingi wa madirisha anayopangia foleni kulipa ada moja moja. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ingefaa itumike kumpandisha mtu kutoka kwenye turubai kwenda kwenye kizimba, na kutoka kwenye kizimba kwenda kwenye fremu. Na bidhaa ya duka inayouzwa nje ya duka, hiyo na iwe na risiti.

La nne, ushuru uonekane. Muuzaji anayelipa kila siku ana haki ya kuona choo, maji, taa, mahali pa kutupa taka, na njia ya gari la zimamoto kati ya vibanda. Hili la zimamoto si dogo kwetu wa nyanda za juu kusini. Soko la Mwanjelwa, Mbeya, liliteketea mwaka 2006. Wafanyabiashara wakahamia SIDO, na moto ukawafuata huko mwaka 2011. Mali za familia nyingi zilikwisha kwa saa chache. Vibanda vikibanana bila njia, si muuzaji tu anayeungua, hata duka la nyuma yake huungua. Kadhalika, anayekamatiwa bidhaa zake kwa kosa apewe hati inayoonyesha kilichochukuliwa na mahali kilipo. Beseni lililonyang'anywa bila hati haliwezi kumfundisha mtu kuheshimu sheria.

Hayo ni ya wakubwa. Lakini ukurasa huu ni wa familia, na sitaki uukunje ukidhani kwamba wewe huna sehemu yako.

Sasa nenda ukalichukue lile jibu ulilolihifadhi. Ikiwa ulinunua barabarani, hukufanya dhambi. Mshahara ni ule ule, na watoto miguu yao inakua. Lakini fahamu kwamba wewe ndiye uliyempanga mama yule mahali alipo. Muuzaji hukaa pale mnunuzi anapoinama. Tunalalamika juu ya msongamano tukiwa ndani ya basi, kisha tunanyoosha mkono dirishani kununua karanga katikati ya barabara. Tunasema mji ni mchafu, kisha hatutaki kutembea hatua mia moja kwenda sokoni. Tunaingia dukani kuuliza bei na kujaribu kiatu, kisha tunatoka nje kununua kile kile kwa pungufu la shilingi mia tano. Mji wetu una sura ya manunuzi yetu.

Basi, ndugu msomaji, familia yako inaweza kufanya mambo matatu bila kungojea mkutano wowote. Wauzaji wanapopangiwa mahali, nendeni mkanunue mahali hapo, hasa miezi ya mwanzo, kwa maana soko jipya hufa kwa kukosa wanunuzi kabla halijafa kwa jambo jingine lolote. Mnaponunua dukani, daini risiti, ili mwenye duka mwaminifu asionekane mjinga mbele ya jirani yake mwenye hila. Na mnapopatana bei na mtu wa turubai, mkumbuke kwamba ile mia mbili mnayoishindania huenda ndiyo daftari la mtoto wake.

Nimalizie kwa yule baba na yule mama tuliowaacha mlangoni. Katika mfano wangu, hawakwenda kwa mtu yeyote kushtakiana. Baba alichukua chaki, akachora mstari kutoka kwenye nguzo ya kibaraza mpaka mtaroni, akaacha upana wa milango yake miwili. "Mama," alisema, "hapa katikati ni pa wanunuzi. Mimi nitaingiza majokofu yangu, nawe sogeza turubai lako upande ule wa nguzo. Siku halmashauri ikitupangia vizuri zaidi, tutafuata." Mama alisogea. Siku ile kila mmoja aliuza.

Mstari ule wa chaki si sheria, na mvua ya Tunduma ikinyesha unafutika. Kazi ya mji ni kuuchora mahali ambapo hautafutika, na kuuchora wakiwapo wote wawili. Wahenga walisema, panapo nia pana njia. Mimi naongeza kwamba njia hiyo na iachwe wazi, mpita njia apite.